Heko, Perere

Kila familia iliyolala kwenye hema ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha hurudi mjini na lalamiko lilelile: hatukulala. Huanza kwa kuwasifia twiga wa Serengeti Ndogo, huwasifia mbega, hutoa simu na kuonyesha picha za heroe kwenye maziwa ya Momella, halafu mtu mmoja huuliza kwa uchungu, "Lakini yule anayepiga kelele usiku ni mnyama gani?" Ni perere. Mimi namsifu. Namsifu kwa kelele zake hizohizo, kwa saa anazozipigia na kwa ukaidi wake wa kukataa kuonekana. Amesemwa vibaya kwa muda mrefu na watu waliokuwa na bahati ya kumsikia, na umefika wakati apate mtu wa kumtetea.

Hifadhi yenyewe ni ndogo ukiiweka kando ya Serengeti au Ruaha, na iko karibu na mji kiasi kwamba unaweza kunywa chai nyumbani Arusha na kufika lango la Ngongongare kabla jua halijachoma. Ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, ikaja kuitwa Arusha mwaka 1967. Juu yake unasimama Mlima Meru, mita 4,566, wa pili kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro. Upande wa mashariki mlima huo umebomoka. Ubavu mzima uliporomoka zamani sana, na mawe na matope yaliyoshuka ndiyo yaliyoacha vilima na mabonde ambamo maziwa ya Momella yamekaa leo. Mchana hakuna mtoto anayechoka mahali hapo. Kuna nyati wanaokutazama bila kupepesa macho, kuna ngiri, kuna maporomoko ya maji ambayo unatembea kwa miguu kuyafikia, ukisindikizwa na mhifadhi mwenye bunduki. Hayo yote yana wasifiaji wa kutosha, nami sitayaongezea.

Familia ikipanga safari ya namna hii hupanga kila kitu isipokuwa usiku. Nyama ya mishikaki inakolezwa viungo tangu nyumbani, mchele unapimwa, mtungi mdogo wa gesi unajaribiwa, sweta na soksi zinahesabiwa kwa kila mtoto. Usiku unaachwa ujipange wenyewe, kwa imani kwamba watu watakula, watachoka, watalala. Kambi za Momella ziko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita elfu moja na mia nne, na kuanzia Juni mpaka Agosti baridi inashuka kutoka mlimani mara tu jua linapozama. Saa mbili unakuta kila mtu ameshajifunika. Mtandao wa simu unakuja na kutoweka. Vyombo havijaoshwa, vinasubiri asubuhi. Zipu za mahema zinafungwa, na watoto walio kwenye hema lao wanaanza kubishana nani amechukua nafasi kubwa.

Hapo ndipo perere anapoanza, na huanza chini. Mkwaruzo mmoja mkavu unatoka juu ya mti ulio nyuma ya hema, kama mlango mzito wa mbao ambao bawaba zake hazijapata mafuta kwa miaka. Kimya. Mkwaruzo wa pili, mrefu kidogo kuliko wa kwanza. Kimya tena, lakini kifupi zaidi. Baada ya hapo mikwaruzo inafuatana, inapanda, inageuka kuwa sauti ya koo, na ghafla koo linafunguka kabisa: ukelele, kisha ukelele, kisha ukelele, kila mmoja juu kuliko uliotangulia, mpaka unajiuliza kiumbe huyo atavuta pumzi saa ngapi. Halafu sauti inakatika. Haififii wala haishuki ngazi kwa ngazi, inakatika papo hapo. Kabla hujajituliza, dume mwingine ng'ambo ya kijito anajibu, akianzia kwenye mkwaruzo wa kwanza kabisa, bila kuruka hatua hata moja.

"Mama," ilikuja sauti kutoka hema la watoto, "kuna mtu anakabwa huko nje."

Nikamwambia si mtu. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia ninao. Akaniambia basi yeye na mdogo wake wanakuja kwetu ili nisikae peke yangu. Kulikuwa na zipu, tochi, ndala zilizovaliwa kushoto kulia, na kwa muda usiozidi dakika moja familia nzima ilikuwa ndani ya hema moja, magoti yakigusana, pamoja na mablanketi yote. Nyumbani kwetu kuwakusanya watoto hao hao mezani kwa chakula cha jioni huchukua miito mingi na wakati mwingine vitisho. Perere aliwakusanya kwa mwito mmoja, na hawakuja na simu.

Hiyo ni sifa yake ya kwanza, nami naiona kubwa. Mtoto wa mjini anahitaji kuogopa vizuri mara chache maishani mwake, yaani aogope kitu cha kweli, gizani, akiwa amekaa kwenye mapaja ya mtu anayempenda, na kitu chenyewe kisiwe na uwezo wa kumdhuru. Ni vigumu sana kupata hofu ya aina hiyo. Wanyama wa kuogopwa kwa haki katika hifadhi ile hawajitangazi. Nyati hula majani gizani kimya kimya. Chui hupita usimwone. Perere, ambaye hula majani na matunda na hana ugomvi na binadamu yeyote, ndiye anayepiga kelele kwa niaba ya msitu mzima. Watoto wanapata kutetemeka kote kunakofaa kwa umri wao, na asubuhi wote wako wazima.

Mama yangu tulikuwa naye safari hiyo. Alikubali kuja baada ya kuahidiwa kitanda cha kukunja na blanketi la ziada, na tangu tufike alikuwa hajasifu kitu chochote kwa sauti. Dume wa pili alipoanza kuita, watoto wakiwa wamejikunja ubavuni mwake, alinyanyua mkono kututaka tunyamaze. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo ni perere," akasema. "Sijamsikia tangu niko msichana."

Amezaliwa Kibosho, na utotoni mwake migomba ya kwao ilipakana na ule ukanda wa msitu ambao watu wa Kilimanjaro wanauita nusu maili. Alituambia kwamba usiku, kihamba kikishatulia, perere walikuwa wakiitana kutoka msituni mpaka karibu na nyumba, na mtoto aliyekataa kulala aliambiwa anaitwa yeye. Alituambia pia habari ambayo watoto hawakuitarajia: wanaume walipanda msituni na mbwa, wakawatoa perere kwenye mapango ya miti, wakarudi na nyama na ngozi. Ngozi zilikaushwa, zikalainishwa, zikashonwa pamoja kuwa blanketi, na mzee aliyekuwa na blanketi la namna hiyo alionekana mtu aliyejiweza. Babu yake alikuwa nalo. Yeye mwenyewe alilala chini yake alipougua, na anakumbuka ulaini wa manyoya na harufu yake. Mjukuu akamuuliza, "Bibi, perere wangapi?" Akasema, "Wengi, mjukuu wangu. Wengi mno." Halafu akasema sasa hivi kule kwao husikii kitu, ila mbwa na pikipiki.

Tulikaa macho mpaka usiku wa manane. Maswali yalitoka kwenye perere yakaenda kwenye babu, yakaenda kwenye mtori unavyopikwa, yakaenda kwenye jinsi bibi alivyokwenda shule kwa miguu katika baridi ya Julai. Kila mazungumzo yalipolegea, perere aliita tena na watu wakaamka. Nimehudhuria vikao vingi vya ukoo vilivyoandaliwa kwa kamati na michango, na sijaona kimoja ambacho wajukuu walisikiliza namna ile.

Sasa mtazame mwenye sauti hiyo. Ni jamaa wa pimbi, wale mnaowaona wakiota jua kwenye majabali ya Serengeti, ila yeye amechagua miti na usiku. Uzito wake ni kilo mbili au tatu hivi. Mwili ni wa mviringo, manyoya mazito, masikio mafupi, mkia hauonekani. Chini ya nyayo ana vibonyeo laini vinavyotoa unyevu, na kwa hivyo hushika gome la mti bila kuhitaji kucha ndefu. Mgongoni ana tezi iliyozungukwa na nywele za rangi iliyopauka, ambazo husimama anapopandwa na jazba. Meno yake ya mbele, ya juu, hukua daima, na hapo ndipo ukoo wake unapojulikana: ndugu zake wa karibu miongoni mwa wanyama walio hai ni tembo na nguva. Pembe za tembo nazo ni meno ya mbele yaliyorefuka. Jike la perere hubeba mimba kwa miezi saba au zaidi, muda mrefu mno kwa mnyama wa kimo kile, na mtoto huzaliwa macho yamefumbuka, manyoya yameota, na baada ya muda mfupi anakwea. Nikiyaweka haya pamoja, siioni tena sauti yake kuwa kubwa kupita kiasi kwa mwili ule. Naona mnyama aliyebaki na koo la ukoo wake baada ya kuacha ukubwa wake.

Tena anaishi kwenye baridi ambayo mwili wake haukuumbwa kuishinda kwa urahisi. Ukoo wa pimbi hauna uwezo mkubwa wa kujitunzia joto, ndiyo maana wale wa mawe hukaa juani kwa saa nyingi. Hata hivyo perere wako Meru, wako Kilimanjaro, wako Upare, Usambara, Uluguru na Udzungwa. Kwenye Milima ya Ruwenzori jamaa zao wamepanda mpaka kupita mahali miti inapoishia na kuishi kwenye mawe. Ni mnyama wa milimani hasa, ingawa wapo pia Unguja na Pemba, katika misitu kama Jozani na Ngezi. Sisi tulilala na mablanketi, sweta na chupa ya chai, tukalalamika baridi. Yeye alikuwa juu ya tawi, akiimba.

Watu humlaumu pia kwa choo chake. Perere hurudi kwenda haja mahali palepale, na vinyesi vidogo vya mviringo hujikusanya chini ya mti wake; ukipiga hema chini ya mti huo utaamka umeyakuta matokeo juu ya turubai. Nami nalisifu hilo. Mnyama asiyekubali kuonekana ameacha anwani. Asubuhi mhifadhi aliwaonyesha watoto kirundo hicho chini ya shina, kisha akanyoosha kidole juu, kwenye tundu jeusi pale tawi kubwa lilipovunjika miaka mingi iliyopita. "Ndiko anakolala," akasema. Watoto walitazama tundu hilo kwa muda mrefu kuliko walivyomtazama twiga.

Tundu hilo ndilo kiini cha sifa zangu zote. Pango la mti halipatikani kwenye mti wa juzi. Mtarakwa au mkuyu lazima uzeeke, uvunjike tawi, uoze ndani taratibu huku nje ukiendelea kusimama, ndipo perere apate chumba. Mashamba ya misonobari yanayozunguka milima yetu mingi yana kivuli na yana hewa nzuri, lakini hayana mapango hayo, kwa sababu miti yake huvunwa kabla ya kuzeeka. Kwa hiyo unapomsikia perere unapata taarifa mbili kwa wakati mmoja: kwamba miti mikongwe bado imesimama juu ya kichwa chako, na kwamba hakuna mtu anayepita usiku na mbwa kuwasaka wanaoishi ndani yake. Katika msitu wa Uzungwa Scarp, kusini mwa Milima ya Udzungwa, uwindaji umewapunguza perere vibaya, wakati ndani ya hifadhi ya taifa, ambako ulinzi una nguvu, bado wanaitana. Wanaotunza kumbukumbu za wanyama walio hatarini duniani wamemweka perere wetu wa mashariki kwenye kundi la wale wanaoukaribia mstari wa hatari. Mgeni anayeomba usiku wa kimya msituni hajui anachokiomba. Kimya hicho tunacho tayari, na kinaongezeka kila mwaka.

Wataalamu wenyewe wanategemea kelele hizo. Kwa kuwa mnyama haonekani, huhesabiwa kwa kusikilizwa, na aina moja hutambuliwa kutoka kwa nyingine kwa mpangilio wa mwito. Katika Milima ya Taita, upande wa Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki waliweka vinasa sauti msituni, na mwaka 2020 walichapisha walichokipata: perere wa Taita wana mwito wao ambao haufanani na wa wenzao kwingineko, na nyimbo zao, zenye silabi zinazopangwa na kurudiwa kwa namna mbalimbali, zinaweza kuendelea kwa zaidi ya dakika kumi na mbili. Dakika kumi na mbili ni ndefu kuliko hotuba za arusi nyingi. Yote hayo yanatokea kwenye vipande vidogo vya msitu vilivyobaki vileleni, juu ya mashamba ya watu. Kama perere wa huko wangekuwa wapole na wanyamavu, dunia isingejua kwamba wana lugha yao.

Najua tiba ambazo watu wamebuni. Wapo wanaopiga mawe juu ya mti. Wapo wanaomulika matawi kwa tochi kali usiku kucha. Wapo wanaokuja na spika ya bluetooth na kuufunika msitu kwa muziki wa nyumbani mpaka betri iishe. Hao wa spika ndio wanaonisikitisha zaidi, kwa sababu wamelipa kiingilio cha hifadhi, wamelipa ada ya kambi, wamesafirisha familia, halafu wamezuia kitu pekee ambacho hawawezi kukipata Njiro wala Sinza. Nawaomba waizime. Perere huita sana baada ya giza kuingia, halafu hupungua, kisha huja tena kabla ya mapambazuko, na anapomaliza mbega hupokea kwa ngurumo zao kutoka bonde hadi bonde. Mtu aliyelala fofofo kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na mbili amekosa mwanzo na mwisho.

Ushauri wangu kwa wazazi wanaojiandaa kwa likizo ya Juni ni mdogo. Waambieni watoto mapema kwamba kuna mnyama ataita, lakini msiwaigizie sauti. Waacheni waipate wenyewe. Leteni hema moja lenye nafasi ya watu wote, hata kama kila mtu anadai lake. Jazeni chupa ya chai ya tangawizi kabla ya kulala, kwa sababu mtaihitaji saa tano. Na kama bado mna mzee katika familia aliyekulia milimani, msimwache nyumbani kwa kisingizio cha baridi. Mvisheni, mpeni kitanda kizuri, mje naye.

Asubuhi ile mhifadhi alipopita kambini kutujulia hali, mama alikuwa ameketi karibu na jiko akiosha vikombe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Poleni na usiku. Najua perere wamewasumbua. Wageni wengi wanaomba tuwahamishie kambi nyingine, na tunaweza kuwasaidia, ila niseme ukweli, ile ya karibu na kijito wako wengi zaidi kuliko hapa."

Mama alifuta mikono kwenye kanga, akanigeukia. "Umesikia? Kunjeni mahema."